Mikono Iliyoachwa Getini: Kuchua na Njia Nyingine za Kupunguza Uchungu wa Uzazi Bila Dawa

Mwanamke wa Afrika Mashariki anayeshikwa na uchungu leo ana uwezekano mkubwa wa kujifungulia kituo cha afya au hospitali. Nchini Tanzania, utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 81 ya watoto huzaliwa katika vituo vya kutolea huduma, wakati utafiti kama huo wa 2015-16 ulikuta asilimia 63. Ni hatua ya kujivunia. Lakini kuhama huko kutoka nyumbani kwenda wodini kulikuja na hasara moja ambayo haijazungumzwa vya kutosha. Nyumbani mwanamke alizaa akiwa katikati ya wanawake wenzake: mmoja kamwegemeza kifuani, mwingine anamchua kiuno, wa tatu yuko jikoni anakoroga uji. Wodini, mara nyingi sana, analala peke yake kitandani, na waliomleta wanabaki nje ya geti na beseni, chupa ya chai na khanga zilizokunjwa.

Kwa hiyo ukiuliza mama huyo anaweza kupunguziwa maumivu kwa njia gani zisizo za dawa, unauliza mambo mawili kwa pamoja. La kwanza ni la kitaalamu: njia zipi zinafanya kazi, na kwa kiasi gani. La pili ni la utawala: nani anaruhusiwa kumgusa mzazi, na nani kaamua hivyo. Nimefuatilia yote mawili, na ninaona kwamba la kwanza lina majibu ya kutosha kuanzia kazi kesho asubuhi. Tumekwama kwenye la pili.

Tuanze na maumivu yenyewe. Katika hatua ya kwanza ya uchungu mfuko wa uzazi hubana na kuachia huku mlango wake ukifunguka polepole hadi sentimita 10. Maumivu ya hatua hii hupita kwenye mishipa ya fahamu inayoingia uti wa mgongo kati ya mwisho wa kifua na mwanzo wa kiuno, ndiyo maana mama huyasikia tumboni na kiunoni kwa pamoja, wengine hadi mapajani. Mtoto anapoanza kushuka, maumivu hubadilika. Sasa ni ya kutanuka kwa nyonga na msamba, nayo hupita kwenye mishipa mingine iliyo chini kabisa ya uti wa mgongo. Jambo hili lina maana kubwa kwa yeyote anayetaka kusaidia, kwa sababu mkono unaotuliza saa nne za usiku unaweza usifae kitu saa tisa alfajiri, na si kosa la mkono wala la mama.

Halafu kuna muda. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2018 kuhusu huduma wakati wa kujifungua, linasema kipindi cha uchungu mkali huanzia sentimita 5, na kwa kawaida hakizidi saa 12 kwa uzazi wa kwanza na saa 10 kwa uzazi unaofuata. Kabla ya sentimita 5 uchungu unaweza kuvuta muda mrefu, na muda huo hutofautiana mno kati ya mwanamke na mwanamke. Anayesema "jikaze, ni muda mfupi tu" hajahesabu saa hizo.

Ukali wa maumivu nao umepimwa. Ronald Melzack, mwanasaikolojia wa Kanada aliyetunga mwaka 1975 dodoso la kupima maumivu linalotumika hadi leo, alikuta uchungu wa uzazi, hasa wa mtoto wa kwanza, ukiwa miongoni mwa maumivu makali kuliko yote aliyoyapima. Alikuta pia kwamba wanawake hawafanani: kuna wachache wanaopata maumivu madogo, na kuna wanaopata maumivu yasiyosemeka. Hayo mawili yashikwe pamoja. Shangazi aliyezaa saba bila kulia asiwe kipimo cha mpwa wake.

Melzack huyohuyo, akishirikiana na Mwingereza Patrick Wall, alichapisha mwaka 1965 nadharia inayoeleza kwa nini mtu aliyejigonga goti hulisugua bila hata kufikiri. Taarifa za maumivu zinapofika kwenye uti wa mgongo haziendi moja kwa moja kwenye ubongo. Hukuta kizuizi ambacho hufunguka zaidi au kidogo kulingana na taarifa nyingine zinazofika wakati huohuo. Mguso na mkandamizo husafiri kwenye nyuzi nene za fahamu zinazokwenda kasi, na zikifika kwa wingi hubana nafasi ya taarifa za maumivu. Ubongo nao hutuma amri kutoka juu, kwa hiyo hofu, upweke na aibu huongeza maumivu kwa njia za mwili zinazoeleweka. Mtu aliyeogopa humwaga adrenalini katika damu, na adrenalini nyingi huweza kuudhoofisha mfuko wa uzazi usibane vizuri. Uchungu huchelewa, uchovu unaongezeka, na hofu inazidi. Mwanamke anayekaripiwa wodini anapewa, bila mtu kukusudia, dawa ya kurefusha uchungu wake.

Basi kuchua kunasaidia kiasi gani? Mtandao wa Cochrane, unaokusanya na kupima tafiti za tiba duniani, ulichapisha mwaka 2018 uchambuzi wa majaribio ya kuchua wakati wa uchungu. Yaliyotoa takwimu zinazotumika yalikuwa 10, yenye wanawake wapatao 1,000. Hitimisho lake ni la uangalifu: kuchua hupunguza ukali wa maumivu katika hatua ya kwanza, lakini ubora wa ushahidi ni mdogo, na kwa hatua ya kusukuma hakuna jibu la wazi. Miongoni mwa majaribio mazuri ni lile la Brazili lililochapishwa 2013. Wanawake 46 wa uzazi wa kwanza, wakiwa wamefikia sentimita 4 hadi 5, waligawanywa kwa bahati nasibu. Nusu walichuliwa mgongo na kiuno kwa dakika 30, nusu walipata huduma ya kawaida. Kwenye kipimo cha maumivu cha 0 hadi 100, waliochuliwa waliishia wastani wa kama 52, wenzao 72. Huko Taiwan, jaribio la 2002 lililokuwa na wanawake 60 lilionyesha mwelekeo huohuo, na wengi wa waliochuliwa walisema walifarijika.

Alama 20 kati ya 100. Hazimfanyi mtu asisikie uchungu, na anayemwahidi mjamzito uzazi usiouma kwa sababu ya kuchuliwa anamdanganya. Ila kwa mama aliye sentimita 6 na amebakiwa na saa tano, alama 20 zaweza kumfanya aendelee kupumua badala ya kupagawa. Hakuna duka la dawa linalouza nafuu ya kiasi hicho kwa bei ya vijiko viwili vya mafuta ya nazi.

Namna ya kuchua ina mambo yake, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo watu wengi wanapokosea. Maumivu ya kiuno kwa nyuma, yanayowapata wengi hasa mtoto akiwa amegeukia mbele, hayahitaji kupapaswa, yanahitaji kukandamizwa. Msaidizi huweka kitako cha kiganja, au ngumi, kwenye mfupa bapa ulio juu ya mfereji wa makalio, na bano linapoanza husukuma kwa nguvu moja isiyoyumba mpaka bano liishe. Mama ndiye anayesema "hapo" au "shuka kidogo" au "zaidi". Njia nyingine ni kuweka viganja viwili kwenye makalio, kila upande, na kuyabana kuelekea katikati. Bano likiachia, mkono hubadilika: sasa ni kuchua mabega, shingo, mikono na nyayo taratibu, kufungua misuli iliyokazana. Mafuta ya nazi au ya ufuta hufaa ili ngozi isichubuke. Mkono ukirudia jambo lilelile kwa muda mrefu mwili huuzoea na nafuu hupungua, hivyo badili mahali na mtindo kila baada ya nusu saa hivi. Na mama akisema "usiniguse", mkono uondoke hapohapo, bila kununa. Wanawake wengi wakikaribia sentimita 10 hawataki kuguswa kabisa, na hiyo ni dalili kwamba uchungu umesonga mbele.

Kazi hii inachosha. Kukandamiza kiuno kila baada ya dakika tatu kwa saa nane ni kazi ya watu wawili wanaopokezana. Mkunga mmoja mwenye wazazi wanne au watano hawezi kuifanya hata akiwa na moyo wa malaika. Hilo tulikumbuke tutakapofika kwenye suala la geti.

Njia nyingine nitazipitia kwa mwendo wa haraka zaidi, isipokuwa moja. Hiyo moja ni mkao. Mwanamke aliyelala chali analaza uzito wa mimba juu ya mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo, na anaunyima mwili wake msaada wa uzito wa mtoto mwenyewe anayetakiwa kushuka. Uchambuzi wa Cochrane wa 2013, uliokusanya majaribio 25 na wanawake zaidi ya 5,000, ulikuta kwamba wanaotembea, kusimama, kukaa au kupiga magoti katika hatua ya kwanza humaliza hatua hiyo mapema kwa wastani wa saa 1 na dakika 22, na huhitaji ganzi ya mgongoni mara chache zaidi. Saa 1 na dakika 22, kwa kuachwa tu utembee! Na bado kuna wodi ambako mama akishuka kitandani anaambiwa arudi alale. Kuinama ukishika dirisha, kupiga magoti na kuegemea kitanda, kujitundika shingoni mwa mwenzio huku ukiyumbisha kiuno, yote ni mikao halali na yote humpa msaidizi nafasi ya kuufikia mgongo.

Hapa khanga ina kazi ambayo wanawake wa Mexico wameijua siku nyingi kwa mtandio wao uitwao rebozo. Mama hupiga magoti na kuegemea mbele, khanga hupitishwa chini ya tumbo au kuzungushwa makalioni, na msaidizi aliyesimama nyuma huvuta ncha zake kwa zamu, taratibu, nyonga zikitikisika bila mama kutumia nguvu. Wakunga wa Denmark wameichukua njia hiyo mpaka hospitalini. Sisi tuna doti nzima kwenye beseni la kila mzazi, na tunaitumia kumfunika mtoto tu.

Joto pia lina nafasi yake. Kitambaa kilichochovywa maji ya moto na kukamuliwa, kikiwekwa kiunoni, kimo katika mapendekezo ya 2018 ya Shirika la Afya Duniani pamoja na kuchua, na wakati wa kusukuma kitambaa cha uvuguvugu kwenye msamba hupunguza michaniko mikubwa. Kukaa ndani ya maji ya uvuguvugu hupunguza kidogo uhitaji wa ganzi, lakini beseni kubwa la kuzamia liko mbali na wodi ambazo hata bomba hukauka mchana, kwa hiyo bafu la kujimwagia, likiwepo, litumike. Kupumua taratibu, muziki na kulegeza misuli kwa mpangilio vimo pia katika mapendekezo, na hadhari yake ni ndogo: kusiwe na kupumua kwa haraka haraka mpaka ganzi iingie vidoleni. Vipo vifaa vidogo vya umeme vinavyobandikwa mgongoni. Tafiti hazijaonyesha kwamba vinapunguza maumivu kwa kiasi cha kutegemewa, ingawa wanawake wengi waliovitumia husema wangevitumia tena. Na ipo sindano ya maji safi yasiyo na dawa yoyote, matone machache yanayochomwa chini ya ngozi sehemu nne za kiuno. Huuma kama nyuki kwa nusu dakika hivi, kisha maumivu ya mgongo hupungua kwa saa moja au mbili. Jaribio kubwa la Australia la mwaka 2020, lenye wanawake zaidi ya 1,800, lilithibitisha nafuu hiyo ya mgongo ingawa halikuonyesha kupungua kwa upasuaji. Maji ya sindano yapo katika zahanati nyingi. Wakunga wetu wafundishwe.

Kwa wanaotaka kujiandaa mapema, kuchua msamba kwa mafuta kuanzia wiki ya 34 au ya 35 ya mimba, mama mwenyewe au mumewe akifanya, hupunguza uwezekano wa kuongezewa njia na kushonwa kwa wanaozaa mara ya kwanza. Ni jambo la faragha na linafaa kuelezwa kliniki kwa sauti ya kawaida.

Historia ya njia hizi ina doa ambalo msomaji wa Kiafrika hana budi kulijua. James Young Simpson wa Edinburgh alipoanza kutumia klorofomu kwa wazazi mwaka 1847, baadhi ya watu walipinga kwa hoja kwamba uchungu ni adhabu ya Hawa. Hoja hiyo ilififia Malkia Victoria alipoitumia mwaka 1853, na kwa Wakatoliki Papa Pius XII alitamka mwaka 1956 kwamba njia za kuzaa bila maumivu hazipingani na Maandiko. Kati ya nyakati hizo mbili alitokea daktari Mwingereza, Grantly Dick-Read, aliyefundisha kuanzia miaka ya 1930 kwamba hofu huleta mkazo na mkazo huleta maumivu. Katika hilo alikuwa na sehemu kubwa ya ukweli. Lakini alijenga hoja yake juu ya picha ya wanawake wa jamii alizoziona za asili, wanaozaa kwa urahisi na kurudi shambani. Picha hiyo ilikuwa na ndugu mbaya kuliko yenyewe. Karibu karne moja kabla, huko Alabama, daktari Marion Sims aliwapasua wanawake watumwa weusi mara kwa mara bila ganzi ili kujifunza kutibu fistula, na mojawapo ya imani zilizoenea zama hizo ilikuwa kwamba mtu mweusi haumii sana.

Imani hiyo haijafa. Tumeirithi na kuivika nguo zetu, tukaiita ushujaa: mwanamke wa kwetu hapigi kelele, mwanamke wa kwetu huvumilia. Anayelia hukumbushwa kwamba alipokuwa akitafuta mimba hakulia. Kauli hiyo ni ya kikatili, na imesemwa mara nyingi kiasi cha kuonekana ni mzaha wa kawaida wa wodini. Waislamu wa pwani wanaijua habari ya Bi Maryam katika Qurani, jinsi uchungu ulivyompeleka kwenye shina la mtende akatamani angekufa kabla ya siku ile. Hakukemewa kwa kutamka hivyo. Aliliwazwa kwa sauti, akaelekezwa kwenye maji ya kunywa na tende mbivu. Mahali pa kuegemea, kinywaji, chakula na maneno ya faraja: vyote vinne vinapendekezwa na mwongozo wa leo kwa mzazi asiye na tatizo.

Sasa tuje kwenye jambo lenye ushahidi mzito kuliko kuchua kwenyewe. Mwaka 1980 madaktari John Kennell na Marshall Klaus, pamoja na wenzao, walichapisha matokeo kutoka hospitali moja ya Jiji la Guatemala. Baadhi ya wazazi wa mara ya kwanza waliwekewa mwanamke wa kukaa nao, asiye nesi wala ndugu, ambaye kazi yake ilikuwa kuwasugua mgongo, kuwashika mkono na kuzungumza nao. Waliokuwa na mtu huyo walijifungua baada ya kama saa 9 tangu walazwe. Wasio naye walichukua zaidi ya saa 19. Kundi lilikuwa dogo, na tafiti kubwa zilizofuata hazikuona tofauti ya kiasi hicho. Mwaka 1991 wakarudia huko Houston, Marekani, kwa wanawake zaidi ya 400, na safari hii wakaongeza jambo la kufikirisha: kundi moja liliwekewa mwanamke aliyekaa pembeni chumbani akiandika tu, bila kusema wala kugusa. Waliopasuliwa walikuwa asilimia 18 kwa waliokuwa na huduma ya kawaida, 13 kwa waliokaliwa na mtu kimya, na 8 kwa walioshikwa na kuliwazwa. Waliotumia ganzi ya mgongoni walishuka kutoka asilimia 55 hadi 23 hadi 8.

Soma tena hizo takwimu. Kuwepo tu kwa mtu kuna uzito. Mtu huyo akinyoosha mkono, uzito huongezeka.

Barani kwetu jaribio lililonigusa zaidi ni la Botswana, lililochapishwa 1999. Wasichana na wanawake 109 wa uzazi wa kwanza. Nusu waliruhusiwa kuingia na ndugu wa kike, mama, dada au shangazi, asiye na mafunzo yoyote ya uuguzi. Walioingia na ndugu walihitaji dawa za maumivu asilimia 53, wenzao asilimia 73, na waliopasuliwa walikuwa nusu ya wale wa upande wa pili. Uchambuzi wa Cochrane wa 2017, wenye majaribio 26 kutoka nchi 17 na wanawake zaidi ya 15,000, ulifika palepale: kuwa na mtu mfululizo hupunguza upasuaji kwa takribani robo, hufupisha uchungu kwa dakika 40 hivi, na hupunguza idadi ya wanaotoka wakiwa na kumbukumbu mbaya. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mwandani huyo kwa kila mzazi, achaguliwe na mzazi mwenyewe.

Kwa nini basi hayupo? Sababu ya kwanza inayotolewa ni faragha, na si ya uongo. Leba nyingi ni chumba kimoja chenye vitanda vinavyotazamana. Mume wa mmoja akiingia, wengine watano wamevuliwa heshima. Ila dawa yake ni pazia na reli yake, au kuanza na wasindikizaji wa kike peke yao mpaka majengo yaboreshwe. Sababu ya pili ni hofu ya maambukizi, na janga la UVIKO-19 liliipa nguvu hata pale ambapo mwongozo wa kimataifa ulitaka mwandani asizuiwe. Sababu ya tatu husemwa kwa sauti ya chini: wafanyakazi huogopa shahidi. Anayefanya kazi usiku na wazazi wengi, bila glovu za kutosha, hataki jicho la mama mkwe juu ya bega lake. Ninamwelewa. Lakini utafiti wa Korogwe na Muheza mkoani Tanga, uliochapishwa 2014, ulikuta karibu mama mmoja kati ya watano akiripoti kutendewa vibaya alipohojiwa akitoka kituoni, na alipofuatwa nyumbani baada ya wiki kadhaa, ambako hakuna wa kumwogopa, idadi ilipanda hadi asilimia 28. Nchini Kenya Mahakama Kuu ya Bungoma iliamuru mwaka 2018 alipwe fidia ya shilingi milioni 2.5 mama aliyejifungulia sakafuni katika hospitali ya umma. Shahidi ana kazi ya kufanya.

Wala jambo hili si la nadharia tu kwetu. Mkoani Kigoma, mwishoni mwa muongo uliopita, vituo kadhaa vya serikali vilijaribu kuwaruhusu wazazi kuingia na mtu waliyemchagua. Akina mama waliridhika zaidi na huduma, na walisema wahudumu walikuwa wapole zaidi. Wahudumu nao waliona faida: kuna wa kuleta maji, kuna wa kumwegemeza mama, na kuna wa kumwita mkunga haraka jambo likiharibika.

Kuna la kusikitisha katika desturi zetu. Mwanamke akirudi nyumbani na mtoto, mama yake na shangazi zake humkanda na kumhudumia mpaka arobaini. Mikono ile ina ujuzi na ina upendo. Siku ngumu kuliko zote hizo arobaini, ndiyo siku pekee mikono hiyo inapozuiwa kumfikia.

Hata hivyo ujuzi huo una mipaka, na nitaitaja bila kuremba. Tumbo la mjamzito lisikandwe kwa nguvu wala kugeuzwa mtoto na asiye mtaalamu. Tumbo lisikandamizwe kwa mikono au kiwiko ili "kumsukuma mtoto", awe anafanya mkunga wa jadi au mwenye koti jeupe. Mwongozo wa 2018 unalikataa hilo kwa wote. Dawa za mitishamba za kuongeza uchungu zisinywewe, kwani mabano makali kupita kiasi yanaweza kupasua mfuko wa uzazi na kumnyima mtoto hewa. Maji yanayochemka yasimwagwe tumboni baada ya kuzaa. Mguu mmoja uliovimba na kuuma usichuliwe, kwa maana unaweza kuwa na damu iliyoganda. Na mama anayetokwa damu, anayeumwa kichwa kikali na kuona maruweruwe, mwenye homa, au ambaye tumbo linamuuma bila kuachia kati ya bano na bano, hahitaji kuchuliwa. Anahitaji mkunga na daktari sasa hivi.

Limebaki suala la dawa, ambalo watetezi wa uzazi wa asili hulikwepa. Ganzi ya mgongoni ndiyo yenye nguvu kuliko njia zote nilizozitaja, na mwongozo uleule unaosifu kuchua unaipendekeza kwa mzazi anayeiomba. Tatizo letu ni watu wa kuitoa. Shirikisho la kimataifa la madaktari wa ganzi linataka angalau wataalamu 5 kwa kila watu 100,000. Katika hesabu iliyochapishwa 2017, Kenya, Tanzania na Uganda zote zilikuwa chini ya mmoja. Dawa ya maumivu iitwayo pethidini inapatikana sehemu nyingi, lakini humfikia mtoto na inaweza kumfanya azaliwe amelegea na apumue kwa shida, hivyo hutolewa kwa hesabu. Kwa hali hiyo kuna kishawishi kwa wapanga bajeti kusema: tuna khanga, tuna mafuta ya nazi, ganzi ya nini? Nakataa kabisa. Mkono wa shangazi usitumike kuificha serikali isiyosomesha wataalamu wa ganzi. Mama anastahili mkono huo leo, na anastahili pia kuwa na uchaguzi wa dawa miaka michache ijayo, na uchaguzi ni wake.

Waganga wafawidhi na wakuu wa wodi za wazazi, haya hayangoji mfadhili. Tundikeni mapazia. Wekeni kiti kimoja kando ya kila kitanda. Andikeni mlangoni kwamba kila mzazi anaruhusiwa kuingia na mtu mmoja, na mkunga wa zamu atumie dakika tano kumwonyesha mtu huyo pa kukandamiza, wakati gani wa kuacha, na dalili zipi za kuita msaada. Wafundisheni wakunga sindano ya maji. Waacheni wazazi watembee.

Na wewe mjamzito unayesoma haya, usingoje uchungu ushike. Katika hudhurio lijalo la kliniki uliza kama kituo utakachojifungulia kinaruhusu mwandani, na ukiambiwa hapana, uliza kwa heshima agizo hilo limetoka kwa nani na limeandikwa wapi. Kisha mchague mtu wako sasa, mtu usiyemwonea haya na asiyeogopa kukesha, na mwende naye kliniki akajifunze.